Sababu za Bi Ardis Tollefsrud

Ardis Tollefsrud alijifunza kupima wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kwa kupima ng'ombe, na hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kuficha. Katika Wisconsin ya utoto wake, msichana wa nyumba ya wafugaji aliyefikia umri wa kuvaa buti za zizini alipelekwa kwenye maonyesho ya wilaya, akasimamishwa mbele ya ng'ombe wanne wa maziwa, akaambiwa awapange: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa mwisho. Kupanga kulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilianza pale alipoitwa mbele ya mwamuzi, mikono nyuma, bila karatasi, atoe sababu kwa mdomo wake mwenyewe: huyu nimemtanguliza kwa hili, yule nimemrudisha kwa lile. Mtoto aliyepanga vizuri akashindwa kutoa sababu alirudi nyumbani mikono mitupu. "Macho humwona ng'ombe," baba yake alikuwa akimwambia njiani, gari likinuka majani makavu, "lakini sababu ndizo zinazomjua."

Aliolewa na Lyle Tollefsrud, kocha wa mstari wa mbele katika Chuo cha Kvale, chuo kidogo cha Walutheri kilichojengwa juu ya kilima upande wa magharibi wa jimbo. Watu wa mstari wa mbele ni wale vijana watano wanene ambao huinama bega kwa bega mwanzo wa kila mkupuo, yaani kila kipande cha mchezo tangu mpira utolewe hadi usimame. Yule wa katikati hupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha wote watano huwazuia adui wasimfikie mrushaji. Mrushaji huhesabiwa hatua alizorusha. Mkimbiaji huhesabiwa hatua alizokimbia. Mtu wa mstari hahesabiwi kitu ila lawama. Ndiyo maana Lyle, kila Jumapili baada ya ibada, alitazama video ya mechi ya jana yake mkupuo kwa mkupuo na kumpa kila mmoja wa watano alama: jumlisha akiwa ametimiza kazi yake, toa akiwa ameshindwa. Mwisho wake aliigeuza hesabu kuwa alama kwa mia. Hiyo ndiyo takwimu pekee ambayo kijana wa mstari angeweza kumpelekea mama yake.

Ardis alianza kwa kupita na sahani ya keki nyuma ya kiti cha mumewe. "Huyo amepungukiwa goti la kushoto," alisema siku moja, bila kusimama. Lyle alirudisha video nyuma, akatazama, akamsogezea kiti. Kwa muda mrefu walipima pamoja, yeye miguu, mumewe mabega. Lyle alipofariki, chuo kilimleta kocha mpya wa mstari, Curt Wiedenhoeft, mtu mpole mwenye masharubu ya rangi ya kutu, na Jumapili ya kwanza Curt alibisha hodi kwa Bi Ardis akiwa na kompyuta kwapani. Hakueleza alichotaka. Bi Ardis naye hakuuliza. Aliweka kahawa jikoni.

Aliongeza mambo yake mawili katika kazi hiyo. La kwanza lilikuwa sababu. Alama zilibandikwa Jumatatu asubuhi ukutani, katika chumba cha chini ya ukumbi wa mazoezi, na mchezaji yeyote aliweza kumwendea akadai sababu ya toa yoyote. Bi Ardis angesimama, mikono nyuma, amweleze. La pili lilikuwa chapati. Kijana aliyemlaza mpinzani chali, kifudifudi au vyovyote ilimradi mgongo au tumbo limegusa nyasi, alisemwa kuwa amemtandaza kama chapati ya maji, na Jumatatu hiyo alikaangiwa chapati moja ya ziada kwenye bamba la chuma, yenye asali ya mti wa mepo, yaani utomvu wake mtamu uliochemshwa, huku wenzake wakimpigia meza.

Kanuni zilikuwa mbili vilevile. Aliyeshuka chini ya sabini na tano kwa wiki mbili mfululizo hakuanza mechi inayofuata. Na alama ikishapanda ukutani, haishuki. Hii ya pili aliitunga Bi Ardis mwenyewe, mwaka ambao baba wa mchezaji mmoja alimpigia simu kanisani kumwombea mwanawe alama.

Katika msimu unaohusika hapa, Kvale walipoteza mechi yao ya mwisho ya ugenini katika mkupuo wa mwisho kabisa. Mrushaji wao alikamatwa na adui aliyepita katikati ya mstari kama mtu anayepita mlangoni kwake. Mpira ukaanguka, wenyeji wakaushika, bendi yao ikapiga mpaka basi la Kvale likatoweka.

Jumapili, Bi Ardis aliutazama mkupuo ule mara kadhaa. Pengo lilikuwa kati ya Jarvis Tolliver, wa kulia kwa yule wa katikati, na Otto Schlimgen, wa mwisho kulia. Schlimgen alikuwa amemtandaza mtu wake wa nje kwa namna ya kupendeza. Jarvis alikuwa amehamia kushoto, akaacha mlango wazi. Schlimgen jumlisha, tena na chapati. Jarvis toa.

Kisha alijumlisha, na Jarvis akatua kwenye sabini na nne.

Wiki iliyotangulia, kwa kifundo cha mguu kilichovimba, Jarvis alikuwa amepata sabini na moja. Bi Ardis alirudia hesabu, hakupata kitu kingine. Alijua maana yake. Jumamosi ilikuwa mechi ya nyumbani ya wahitimu, ya mwisho katika maisha ya Jarvis. Mama yake, Vernell Tolliver, alikuwa muuguzi msaidizi huko Beloit, na zamu zake zilikuwa za Jumamosi. Kwa miaka yote ya chuo hakuwahi kumwona mwanawe akianza mechi. Safari hii alikuwa amebadilishana zamu na nusu ya wodi. Jarvis mwenyewe alimweleza Bi Ardis habari hiyo tangu mwezi wa tisa, akitafuna, kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi.

Bi Ardis aliiandika sabini na nne kwa mwandiko uleule aliotumia kwa wengine. Usingizi wa usiku huo haukuwa mzuri, lakini aliilaumu kahawa.

Jumatatu asubuhi, chumba kilijaa mvuke na viatu vilivyolowa. Schlimgen alikuwa wa kwanza mezani, uma mkononi.

"Bi Ardis, ile chapati yangu ya yule jamaa mwenye namba tisini iko wapi? Naitaka iwe ngumu pembeni."

"Subiri, pipa la maziwa wewe."

"Mnasikia? Mfugaji anamtukana ng'ombe wake!"

"Ng'ombe wangu walikuwa wanasubiri kimya," alisema Bi Ardis, akageuza chapati. "Na walikuwa wananawa."

Gunnar Hegge, yule wa katikati, kijana mwenye nyusi nyeupe kama za nguruwe mchanga, alicheka mpaka maziwa yakampalia. "Otto, umepimwa umekutwa hujanawa!"

"Wewe nyamaza, uliyemaliza mechi chini ya watu sita."

"Nilikuwa napumzika."

Jarvis aliingia wakati huo. Alikwenda ukutani, akasoma, akashusha mkoba begani. Wote walikuwa wamekwisha kusoma kabla yake, hivyo kila mtu akapata shughuli kubwa katika sahani yake. Jarvis alichukua sahani, akaja kwenye bamba.

"Habari za asubuhi, Bi Ardis."

"Nzuri. Jarvis, njoo uchukue sababu."

"Hakuna haja. Ni yangu."

"Sikukuuliza ni ya nani."

"Najua, lakini ni yangu. Chapati mbili tu zinanitosha, tafadhali, zile za chini."

Katika mstari wa Kvale, tangu enzi za Lyle, palikuwa na mwiko mmoja ambao haukuandikwa popote: mtu wa mstari hasemi "haikuwa yangu." Mrushaji akianguka, kila mmoja wa watano hujibu ni yangu, hata kama alikuwa upande wa pili wa uwanja. Lyle aliupenda mwiko huo. Alisema ndio uliowafanya vijana watano kuwa ukuta. Bi Ardis naye aliupenda, ila asubuhi hiyo ulimkera kama nzi kwenye ndoo.

Aliweka mwiko wake wa kukaangia kando, akajifuta mikono, akaiweka nyuma. Wote waliujua msimamo huo.

"Jarvis Tolliver, mkupuo wa mwisho," alianza. "Nimempa toa kwa sababu aliuacha mlango wake wazi akahamia kushoto. Alihamia kushoto kwa sababu..."

Hapo alikwama.

Aliiona ile video tena kichwani, miguu peke yake. Ng'ombe aliyepotea njia hugeuza kichwa kwanza. Kwato moja huenda, nyingine husita. Mtu hali kadhalika. Aliyesahau kazi yake huchelewa kidogo, hutikisa nyonga, hutafuta. Jarvis hakusita. Mguu wake wa kushoto ulikwenda kushoto papo hapo mpira ulipotikisika, mzima, mzito, wenye uhakika. Ulikwenda kama mguu wa mtu aliyeambiwa. Na video za mechi za Kvale, zilizopigwa kutoka juu ya kibanda cha vioo, hazikuwa na sauti.

"Gunnar," alisema, bila kutoa mikono nyuma. "Kabla hujautoa mpira ule, ulisema neno?"

"Ndiyo. Nilibadilisha. Niliona wamejazana kushoto, nikasema Oslo."

"Na Oslo ni nini?"

"Wote tunahamia kushoto. Yule wa mwisho kulia anaingia ndani, nje tunamwachia mkimbiaji."

"Wote?"

"Wote, Bi Ardis. Nilipiga kelele mpaka koo likauma."

Macho yalihama polepole, yakapita juu ya meza, yakatua kwa Otto Schlimgen, ambaye uma wake ulikuwa umesimama hewani na kipande cha chapati kikidondosha asali.

"Oslo?" alisema Schlimgen. "Nani alisema Oslo? Mimi sikusikia Oslo! Ngoma za bendi yao zilikuwa humu sikioni. Nilibaki na mtu wangu. Nilimtandaza kabisa, mmeona wote..." Akaitazama chapati. "Mungu wangu."

Kicheko kilichofuata, wanavyosimulia waliokuwepo, kilisikika hadi kwenye ofisi ya mhasibu ghorofani. Gunnar alilala juu ya meza. Schlimgen alikuwa mwekundu kuliko jiko.

"Otto anakula mechi tuliyopoteza!" alipiga kelele Gunnar. "Ameipaka asali!"

"Wewe hukuniambia!"

"Mimi nilikuwa chini ya watu sita! Unadhani nilikuwa naona nani yuko wapi?"

Bi Ardis alikwenda mezani, akainua chapati iliyobaki kwa vidole viwili, akairudisha kwenye bamba. Kisha alimgeukia Jarvis, ambaye alikuwa bado amesimama na sahani tupu.

"Wewe ulisikia Oslo."

"Ndiyo, Bi Ardis."

"Ukajua Otto hakusikia."

Jarvis alitazama viatu vyake. "Nilijua mrushaji alipoanguka."

"Na jana, nilipokuwa napima? Na sasa hivi, mbele ya ukuta?"

"Sisi hatusemi hivyo," alisema Jarvis taratibu. "Kocha Lyle alisema. Mimi sikumkuta, lakini kila anayekuja hapa anaambiwa."

"Mume wangu alisema msilaumiane uwanjani. Hakusema mninyime mimi habari. Kunyamaza kwako ni kuzuri, mwanangu, ni tabia ya mtu mzima. Lakini kumenifanya mwongo ukutani."

Ndipo Kocha Curt alipoingia na kikombe chake, akawakuta wamekaa kama watu walio matangani, na chapati moja ikiungua bila mwenyewe.

"Nani amekufa?"

"Alama," alisema Bi Ardis. "Nimekosea. Njoo."

Alimweleza yote akiwa amesimama vilevile. Curt alisikiliza, akavuta masharubu.

"Bi Ardis, kanuni ni yako. Ikipanda haishuki. Nimewafukuza wazazi wangapi mlangoni kwa maneno yako?"

"Wengi."

"Na yule kijana wa mwaka wa pili anayeshika nafasi ya Jarvis nimeshamwambia anaanza Jumamosi. Amempigia simu mama yake. Nimemsikia mwenyewe, alikuwa analia, yule mama."

Hilo lilimgusa. Bi Ardis alitoa mikono nyuma, na wale waliomfahamu wanasema ilikuwa mara ya pekee kumwona akitafuta pa kuweka mikono.

"Kanuni niliitunga kwa ajili ya wanaokuja kuomba," alisema hatimaye. "Huyu hajaomba. Mimi ndiye niliyemwita. Nikiwa mtoto, mwamuzi alitusikiliza sababu zetu, na zikivunjika mdomoni mwako, hukusema, 'Lakini nilishapanga.' Ulikaa chini. Sasa sababu yangu imevunjika mbele ya watu wote hawa. Nikae chini au nibaki nimesimama kama mti wa uzio?"

Curt aliwatazama vijana, akautazama ukuta. "Tukimwondolea Jarvis ile toa anafika ngapi?"

"Sabini na sita, ukimpa jumlisha anayostahili."

"Na Otto?"

"Themanini na mbili, bila chapati."

"Bila chapati," alirudia Schlimgen kwa huzuni ya kweli.

Curt alicheka kwa pua. "Haya. Lakini yule mama wa kijana, sijui nani atamwambia."

"Nitampigia mimi," alisema Bi Ardis. "Kosa ni langu. Ni yangu, kama mnavyosema."

Alimpigia mchana huo, akiwa amesimama jikoni kwake. Yaliyosemwa hayakuhifadhiwa na mtu, isipokuwa kwamba mama yule aliuliza kama mwanawe alikuwa amefanya kosa lolote, na alipoambiwa hapana, na kwamba angecheza kipindi cha pili, alisema watakuja vilevile, wameshanunua soseji za kuchoma kwenye maegesho.

Karatasi mpya ilipanda ukutani alasiri. Ile ya zamani Bi Ardis hakuichana. Aliiacha chini ya mpya, ukingo ukionekana.

Jumamosi ilikuja na theluji nyepesi, ile isiyoamua kama inaanguka au inapita. Kwenye maegesho wanaume walikuwa tayari wamevaa makoti ya rangi ya chungwa ya kuwindia paa, ingawa msimu wa kuwinda ulikuwa haujafunguliwa, wakichoma nyama na kubishana juu ya bunduki. Wahitimu walitembea hadi katikati ya uwanja na wazazi wao. Jarvis alitembea na mama yake, mwanamke mfupi aliyevaa koti jembamba la mjini, na alipomkumbatia ilibidi ainame kama mtu anayechungulia kisimani.

Msimu wote Bi Ardis alikuwa ameketi juu, kwenye kibanda cha vioo, na chupa yake ya kahawa. Siku hiyo alishuka. Alikaa benchi la chini kabisa, nyuma ya mstari, blanketi magotini. Curt alipomwona alimnyooshea kidole gumba tu. Vernell Tolliver alipotafuta pa kukaa, Bi Ardis aliinua ncha ya blanketi.

"Ingia. Utaganda na hilo koti."

"Asante, mama. Wewe ni nani kwa nani hapa?"

"Mimi ndiye ninayewapa alama."

Vernell alimtazama upya, kuanzia kofia hadi buti. "Kumbe ni wewe! Mwanangu anasema wewe ni mkali kuliko mimi."

"Amekuambia kuhusu wiki hii?"

"Amesema ulikosea, ukarekebisha. Akasema nisikuambie kuwa ameniambia."

"Basi hujaniambia."

Vijana waliinama. Theluji ilikuwa inatua migongoni mwao. Bi Ardis alifumba macho, akatega sikio, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile aliusikia mstari: pumzi, kwato, maana ndivyo alivyozihisi hatua zao, na sauti ya Gunnar Hegge ikipasuka: "Oslo! Oslo!"

"Oslo!" alijibu Otto Schlimgen kwa nguvu ambayo haikuhitajika, akionyesha kushoto kwa kidole, hata adui wakageuka kutazama. Benchi zima likacheka. Bi Ardis alifumbua macho wakati mpira ukitikisika. Schlimgen aliingia ndani sawasawa. Wote walihamia. Na Jarvis Tolliver, mwenye kifundo kilichopona na mama yake nyuma yake, aliteleza kwenye theluji, akasukumwa kifuani, akalala chali, mikono imetanuka, kama chapati.

Mrushaji alirusha mpira hata hivyo. Hakuna aliyeumia.

"Huyo aliyelala ni wangu?" aliuliza Vernell.

"Ni wako."

"Hiyo unaiandikaje?"

"Toa."

"Hata kwa leo?"

"Hata kwa leo."

Vernell alitikisa kichwa, kama mtu anayekubali bei. "Na sababu? Anasema huwa una sababu."

"Kiuno kilikuwa juu. Mguu wa nyuma ulikuwa umenyooka kabla hajaguswa, kwa hiyo hakuwa na pa kuegemea. Theluji imemsaidia tu kufika haraka."

"Kiuno!" Vernell alisimama, blanketi likaanguka. "Namwambia tangu ana miaka tisa! Jarvis! Jarvis Tolliver! Inama, mtoto wewe!"

Uwanja wa Kvale ni mdogo. Jarvis alikuwa anajikung'uta theluji. Aligeuza kichwa, akawaona wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega benchi la chini, mmoja akipunga ngumi, mwingine mikono nyuma. Wenzake nao walisikia, na Gunnar alikuwa tayari anacheka.

Akainama. Kiuno kikashuka chini, chini kabisa, mgongo ukawa bapa kama meza, na mguu wa nyuma ukajikunja na kushika ardhi.

"Hapo," alisema Bi Ardis, akiokota blanketi na kulikung'uta. "Hapo ndipo. Sasa tutazame."